Kwa Hivyo? Historia ya Aya Inayobishana

Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu jijini Nairobi walitia sahihi waraka mfupi. Majina yao: James Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Chuo walichofundisha kilikuwa bado hakijaitwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Waraka wao ulikuwa na pendekezo ambalo lingemfanya mtu yeyote mkutanoni aweke kikombe cha chai chini: Idara ya Kiingereza ifutwe.

Nimeusoma waraka huo mara nyingi. Kila nikiurudia, kinachonivuta si ujasiri wake. Ujasiri upo mwingi tu. Fungua simu yako sasa hivi uone. Kinachonivuta ni jinsi aya zake zilivyojengwa. Kila aya inajua inabishana na nani. Kila aya inasikia mtu akiuliza, "Kwa hivyo?" na haiondoki kabla ya kumjibu.

Nataka kuzungumzia hilo "kwa hivyo", kwa sababu naona ndilo tulilonyimwa shuleni.

Wengi wetu tulifundishwa insha ya hoja kama hesabu ya kujumlisha. Unajua mwenyewe: Karatasi ya Insha ya KCSE ina alama 40, insha mbili, kila moja alama 20, kila moja isipungue maneno 400. Swali likisema "Jadili", kichwa kinatafsiri: tafuta hoja saba, kila moja na aya yake, mtahini aweke tiki. Mwalimu wetu wa Kidato cha Tatu alikuwa akituambia tuzipange hoja kama chupa za soda kwenye kreti. Tulizipanga. Aya zetu zikawa hivi:

"Pili, mitandao ya kijamii inapotosha vijana. Vijana wengi wamepotea kwa sababu ya mitandao. Aidha, wao huacha masomo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hivyo basi, ni dhahiri kwamba mitandao inapotosha vijana."

Hebu isome tena polepole. Sentensi ya kwanza, ya pili na ya mwisho zinasema jambo moja. Ya tatu ni dai jipya ambalo limeachwa hapo hapo njiani. Methali inahusu ukaidi, wala haithibitishi chochote kuhusu mitandao. Tuseme ukweli: aya hiyo haijakua. Imenenepa.

Simlaumu mwalimu. Kiswahili kilianza kutahiniwa kwa lazima kwa kila mtoto wa shule ya msingi nchini Kenya mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Ghafla insha ya Kiswahili ikawa ya mamilioni ya watoto, kwenye madarasa yaliyofurika, na mtihani wa kitaifa ukingoja mbele. Katika hali hiyo, kuhesabu hoja ni rahisi kuliko kuzipima. Lakini wepesi huo una gharama yake. Tulitoka shuleni tukijua kusema tunachoamini mara tatu kwa maneno tofauti, na bila kujua la kumwambia mtu asiyekubaliana nasi.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ilikuwa imeshatuonya. Neno "hoja" lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu neno hilo hubeba maana ya ushahidi, kithibitisho. Kwa asili yake, basi, hoja si dai tupu. Ni dai lililokuja na kitu mkononi.

Aya nayo ina historia inayofaa kujulikana. Wagiriki wa kale waliandika bila kuacha nafasi kati ya maneno, herufi zikifuatana kama magari ya Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni. Ili msomaji asipotee, mwandishi alichora mstari mfupi pembeni. Mstari huo uliitwa paragraphos, yaani kilichoandikwa kando, na ndiko lilikotoka jina la aya katika lugha nyingi za Ulaya. Kwenye maandishi ya tamthilia, mstari huo ulikuwa na kazi maalumu: kuonyesha kwamba msemaji amebadilika. Huyu amemaliza, sasa yule anajibu.

Mimi hapo ndipo huona roho ya jambo lote. Kabla aya haijawa kipande cha maandishi chenye wazo moja, alama yake ilikuwa dalili kwamba kuna mtu wa pili chumbani.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1866, alikuja Mskoti mmoja kwa jina Alexander Bain, mwana wa mfumaji wa nguo kutoka Aberdeen aliyepanda hadi kuwa profesa wa mantiki na Kiingereza. Alichapisha kitabu cha kufundisha uandishi, na ndani yake akaiwekea aya kanuni. Sentensi ya kwanza ionyeshe mada. Aya ishikilie jambo moja. Uhusiano wa kila sentensi na iliyotangulia uwe wazi. Vitabu vya shule vya Uingereza na Marekani vilizidaka kanuni za aina hiyo na kuzieneza. Ukimsikia mwalimu wa Kitui au Kisumu akisema "kila aya na wazo lake", unamsikia pia Bain kwa mbali.

Kanuni zake ni nzuri, lakini zinahusu mpangilio. Zinakuambia nyumba iwe na mlango mbele na paa juu. Haziambii nyumba isimame vipi upepo ukivuma. Hiyo aya ya mitandao hapo juu ina mada moja, na sentensi yake ya kwanza imeionyesha vizuri. Bado inaanguka.

Aliyegusa kidonda ni Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Toulmin alichoka na wanamantiki waliojadili hoja kana kwamba watu hubishana kwa fomula. Akasema tuangalie mahakamani, mahali ambapo dai lazima lisimame mbele ya mtu anayetaka kuliangusha. Kule aliona sehemu ambazo huwa hatuzitaji. Kuna dai. Kuna ushahidi. Halafu, katikati, kuna daraja: sababu inayofanya ushahidi huo uhusike na dai hilo.

Mfano wa nyumbani. Nakuambia, "Usipitie Thika Road leo." Hilo ni dai. Unauliza kwa nini, nasema, "Kumenyesha." Huo ni ushahidi. Mkaaji wa Githurai ameshaelewa na anatafuta njia nyingine. Lakini mgeni aliyetua jana kutoka Oslo anashangaa: mvua na barabara vinahusiana vipi? Inabidi nimjengee daraja: hapa mvua kubwa ikinyesha, maji husimama barabarani na magari hukwama kwa saa nyingi. Sasa ameelewa. Na akiniambia, "Mbona jana ilinyesha na nikapita?" lazima nikubali kiasi: ilikuwa manyunyu, tena usiku.

Dai, ushahidi, daraja, na jibu kwa anayetilia shaka. Aya ikiwa na hivyo vinne imekua. Shuleni tulifundishwa la kwanza, tukaguswa kidogo na la pili. Daraja na jibu tuliachiwa tujitafutie.

Sasa turudi kwa wale walimu watatu, maana waraka wao ni darasa zima la jinsi ya kukuza aya.

Hawakuanza kwa kupiga kelele. Walikuwa wanajibu pendekezo ambalo kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza alikuwa amelipeleka mbele ya bodi ya kitivo mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Basi wakaanza kwa kulitaja pendekezo hilo na mambo yaliyokuwemo: nafasi ya Kifaransa na lugha nyingine za kisasa, nafasi ya lugha za Kiafrika, hasa Kiswahili, na fasihi mpya zilizokuwa zikiandikwa kwa Kiingereza nje ya Uingereza. Hiyo ndiyo njia yao ya kwanza: mpe mpinzani wako nafasi ya kusikika. Msomaji akiona umeeleza upande wa pili kwa haki, anakuamini unapoukataa.

Njia ya pili ni kufukua. Pendekezo la mkuu wa idara lilionekana la kiungwana: tuongeze hiki, tupanue kile. Watatu hawa wakachimba chini yake na kuonyesha mzizi. Chini kulikuwa na imani kwamba utamaduni wa Kiingereza ndio shina la fahamu zetu, na Afrika ni tawi lililochipuka pembeni. Ukishaiona imani hiyo ikiwa imewekwa mezani peupe, huwezi tena kuzungumzia kuongeza kozi mbili tatu. Aya inayofukua haimwambii mpinzani "umekosea". Inamwambia, "Angalia umesimama juu ya nini."

Njia ya tatu ni kugeuza swali. Utetezi mmoja wa idara ulikuwa kwamba mwanafunzi anahitaji kufuatilia mwendo wa utamaduni mmoja katika historia. Hawakupinga hitaji hilo. Walilikubali, kisha wakauliza kwa nini utamaduni huo usiwe wa Kiafrika. Angalia uchumi wa hatua hiyo: walichukua daraja la mpinzani na kulivuka wao, kuelekea upande mwingine.

Njia ya nne ni kugawa. Msomaji mwenye shaka angeuliza, "Sawa, idara ya Kiingereza imeondoka. Mtasoma nini?" Wakataja mikondo kwa majina: fasihi simulizi, fasihi ya Kiswahili pamoja na athari zake za Kiarabu na Kiasia, fasihi ya Ulaya, na fasihi ya kisasa ya Kiafrika. Dai kubwa la "Afrika kwanza" likageuka kuwa ratiba ya masomo. Fasihi simulizi wakaitetea kama kitu kilicho hai, kinachotungwa bado, si kumbukumbu ya kabatini. Aya nyingi za vijana hufia hapa. Dai linabaki kubwa na zuri, lakini halishuki chini tuone Jumatatu asubuhi itakuwaje.

Njia ya tano ni kukubali na kuweka mpaka. Walijua wataitwa wabaguzi wa tamaduni nyingine. Wakasema wazi kwamba hawaitupi mikondo mingine. Walichotaka ni Afrika ikae katikati, na mengine yatazamwe kutokea hapo. Kwa kukubali hilo hawakuidhoofisha hoja yao. Waliifungia mlango ambao mpinzani angeingilia.

Mabishano yaliwaka. Mwaka 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka iliyofuata Idara ya Kiingereza ya zamani ikaipisha Idara ya Fasihi. Ngugi alikichapisha waraka huo katika kitabu chake Homecoming mwaka 1972.

Lakini "kwa hivyo?" haikukoma. Waraka wa kuitetea Afrika ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Swali hilo lilimfuata mmoja wao mpaka likambadilisha: James Ngugi akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1977 akashirikiana na Ngũgĩ wa Mirii kwenye tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na kabla mwaka haujaisha akawekwa kizuizini. Alipofariki mwaka 2025 bado alikuwa akijibu swali ambalo aya zake za 1968 zilikuwa zimeliacha wazi. Hoja nzuri hufanya hivyo. Hata mwenye nayo haimwachi salama.

Wiki chache tu baada ya waraka wa Nairobi, mwezi Novemba 1968, karatasi nyingine ilisambazwa kwa siri huko Mombasa. Hii iliandikwa kwa Kiswahili, na kichwa chake kilikuwa swali: Kenya: Twendapi? Mwandishi wake alikuwa kijana wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, mfuasi wa KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Mwezi Agosti mwaka huo wagombea wa KPU kote nchini walikuwa wamezuiwa kushiriki uchaguzi wa serikali za mitaa, ati fomu zao hazikujazwa sawasawa. Abdilatif aliikosoa serikali ya Jomo Kenyatta na kuuliza nchi inaelekea wapi.

Kijana huyu hakuhitaji Bain wala Toulmin. Alitoka kwenye mji wenye mila ndefu ya kujibizana kwa mashairi, mila iliyomlea Muyaka bin Haji katika karne ya 19. Katika majibizano, anayejibu kwa kawaida hufuata bahari ya yule aliyeanza, mara nyingi hata vina vyake. Fikiria nidhamu ya jambo hilo. Kabla hujafungua mdomo, lazima uwe umemsikiliza mwenzako mpaka mizani yake imekukaa kichwani. Huwezi kumjibu mtu ambaye hukumsikia. Kila ubeti unamsubiri mtu wa pili, kama ule mstari wa pembeni wa Wagiriki.

Serikali haikujibu kwa ubeti wala kwa aya. Abdilatif alishtakiwa kwa uchochezi na akatumikia kifungo cha miaka 3, mpaka 1972. Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilishinda tuzo ya fasihi. Tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta.

Nauliza kwa nini waraka mmoja uliishia kwenye bodi ya chuo na mwingine ukaishia gerezani. Mmoja uligusa mtaala, mwingine uligusa Ikulu. Hilo ni wazi. Ila naona pia kwamba mmoja ulisomwa na wahadhiri, na mwingine uliandikwa kwa lugha ambayo mchukuzi wa bandarini Kilindini angeusomea wenzake kwa sauti. Hoja inayoeleweka na wengi huogopesha zaidi.

Jambo hilo tuliliona tena kwa macho yetu mwezi Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa mrefu na wa lugha ya mawakili. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama, kwenye video za dakika mbili. Wengine walipiga kelele tu, sawa. Lakini zile hoja zilizoshika zilikuwa na mifupa ile ile. Chukua kodi ya magari. Mimi ningeiandika aya yake hivi:

"Kodi hii ya magari ingembana mwenye gari dogo kuliko mwenye gari la kifahari. Mswada unataka kila mwaka mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake, lakini isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Gari la shilingi 800,000 lingelipa 20,000, yaani asilimia 2.5 kamili. Gari la milioni 20 lingelipa 100,000, yaani asilimia 0.5. Gari kuukuu la shilingi 100,000 lingelipa 5,000, yaani asilimia 5. Kodi ya haki humtoza zaidi mwenye uwezo zaidi. Hii, ukipima kwa thamani, inakwenda kinyume. Utasema mwenye gari si maskini. Huenda. Lakini kwa dereva wa teksi gari ni jembe lake, na jembe likitozwa kila mwaka, nauli hupanda, na nauli hulipwa na asiye na gari."

Hakuna methali hapo. Hakuna "ni dhahiri kwamba". Kuna dai, tarakimu ambazo yeyote angeweza kuzikagua kwa kikokotoo cha simu, daraja la haki linalozifunga na dai, na jibu kwa jirani mwenye shaka. Ukiondoa sentensi yoyote, aya inachechemea.

Tarehe 18 Juni serikali ilitangaza kuiondoa kodi hiyo pamoja na ile ya asilimia 16 kwenye mkate. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na watu waliuawa kwa risasi barabarani. Siku iliyofuata Rais alisema hatautia sahihi mswada. Siwezi kudai kwamba aya ndizo zilizouangusha. Miili ya watu ilikuwa barabarani, na hilo halilinganishwi na sentensi. Lakini watu hao walijua kwa nini walikuwa pale, kifungu kwa kifungu, kwa sababu kuna mtu alichukua muda kuwajengea daraja kutoka kwenye karatasi ya Bunge hadi kwenye bei ya mkate.

Kwa hiyo nikiombwa na vijana niwasomee insha zao, na huwa naombwa, siwahesabii hoja. Nawaambia wampe rafiki mmoja mbishi aya moja tu, na wamruhusu aseme maneno mawili pekee kila baada ya sentensi: "Kwa hivyo?" Mahali atakapouliza nao wakose jibu, hapo ndipo aya imekatikia. Hapo ndipo pa kuongeza tarakimu, au mfano, au kukubali kidogo, au kufukua imani iliyojificha. Na akiacha kuuliza, waanze aya nyingine.